Kangaruu Hafukuzwi

Juzi nilipopita pale bustani ya wanyama kuwasalimia ninyi watunzaji wapya, mmoja wenu, yule binti mwenye buti za njano, aliniuliza kama kangaruu anauma. Nilikuwa nakimbilia basi, sikumjibu vizuri. Sasa nimestaafu, muda ninao, na kahawa iko mezani. Ndiyo, binti yangu, kangaruu anaweza kuuma, lakini hajisumbui na meno wakati Mungu amempa miguu ile.

Sikuingia kazi hii kwa mapenzi. Nilitoka Bukavu kama mkimbizi, nikafika Brussels bila cheti chochote ambacho mtu wa hapa alikitambua, na bustani ile pembezoni mwa mji ilikuwa inatafuta mtu wa kufagia njia. Nikafagia. Siku moja mzee Jef, aliyekuwa mkuu wa upande wa kangaruu, alinikuta nimesimama karibu na uzio wao na fagio langu. Akanitazama kitambo, kisha akasema kwa Kifaransa chake cha Kiflamandi, kizito kama kimebeba mawe: "Madame, wewe unawatazama bila kuwaita na bila kuwarushia mkate. Hiyo ni nusu ya kazi."

Nusu ya pili imenichukua maisha.

Jef alinifundisha kwanza namna ya kuingia zizini. Usiwashtue, wakusikie kabla hawajakuona. "Uimbe," aliniambia, "sitajali unaimba nini." Basi nikawa naingia na nyimbo za kwaya. Nadhani hakuna kangaruu Ulaya nzima waliosikia nyimbo za Kiswahili kama wale wetu. Halafu usiwaendee moja kwa moja. Nenda upande, kama mtu mwenye shughuli zake kwingine, na ukifika karibu uangalie chini, udondoshe nyasi, uondoke. Kangaruu akiona unamlenga anajua maana yake ni nini. Huko kwao, anayemlenga anataka kumla.

Somo lingine nililipata kwa Commandant. Huyo alikuwa dume letu kubwa la kijivu, kifua kama mlango. Asubuhi moja naingia na toroli la nyasi kavu, yeye akainuka. Akasimama juu ya ncha za vidole, mkia umemshikilia nyuma, akaanza kujikuna kifua taratibu huku akinitazama. Mimi nikadhani ananisalimia. Sisi watu wa Bukavu hatusalimiwi tukanyamaza. Nami nikajinyoosha, nikatoa kifua, nikasema, "Bonjour, Commandant!"

Kumbe kwa lugha yao nilikuwa nimesema: njoo tupigane.

Alilikumbatia toroli kwa mikono yote miwili, akaegemea mkia wake kama mtu anavyoegemea kiti, akarusha miguu yote miwili kwa mpigo mmoja. Toroli likapinduka, bati likabonyea. Nyuma yangu Jef akapiga kelele: "Inama! Inama ukohoe!" Nikainama, nikatazama ardhi, nikakohoa kikohozi kidogo kidogo kama mtu mwenye mafua kanisani. Commandant akaniangalia, akaona nimekubali kushindwa, akaenda zake kula nyasi zilizomwagika. Jef alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Dume dogo likimwachia dume kubwa, hukohoa hivyo. Mkiingia kwa madume, kiburi kiacheni getini.

Lakini yote hayo ni mambo ya zizini, na zizi si kwao. Kwenye kibao chetu cha wageni kumechorwa jangwa jekundu na kangaruu mmoja katikati, peke yake, kana kwamba amefiwa. Watu wengi wanadhani ndivyo wanavyoishi. Ni kweli kangaruu wekundu, wale wakubwa kuliko wote, wanakaa kwenye tambarare kavu za ndani ya Australia. Wa kijivu kama wetu wanapenda mahali ambapo msitu unapakana na majani. Wengine wanakaa kwenye vilima vya mawe, na wengine, sikuamini mpaka nilipoonyeshwa picha, wanapanda miti kwenye misitu ya mvua, kaskazini kabisa na kule Guinea Mpya. Familia moja, nyumba mbalimbali.

Mimi nilibahatika kuona kwa macho. Jef alipostaafu nikachukua nafasi yake, na mkurugenzi akanipeleka Australia mashariki kwa majuma kadhaa, kwa mwanamke mmoja aitwaye Coral, mjane mwenye shamba, aliyekuwa analea watoto wa kangaruu waliopoteza mama. Kiingereza changu kilikuwa salamu na asante. Kifaransa chake hakikuwepo kabisa. Tuliongea kwa mikono, na kwa chai.

Nilipofungua mlango wa gari lake nilinusa Bukavu. Nawaambieni kweli, machozi yalinitoka. Mikaratusi! Ile miti ya kwenye milima yetu, ambayo mama yangu alichemsha majani yake tukiwa na mafua, kumbe kwao ni huko. Coral akanitazama nalia chini ya mti, akaenda kuleta chai.

Mchana nikamwuliza kwa ishara: kangaruu wako wapi? Akaninyooshea kidole kwenye kivuli. Sikuona kitu ila mawe. Halafu jiwe moja likageuza sikio. Walikuwa wamelala humo kundi zima, kila mmoja amejichimbia kishimo chake kwenye udongo baridi, wakilamba mikono. Bustanini kwetu nilizoea kuwaona wakilamba mikono siku za joto, nikadhani wanaoga. Coral akanishika mkono, akapitisha kitambaa kibichi, akapuliza. Nikaelewa. Mishipa ya damu iko karibu na ngozi pale. Wakilowesha, upepo unapoza damu. Niliporudi Brussels, kitu cha kwanza nilichoomba kilikuwa miti ya kivuli. Ile mnayokaa chini yake saa ya mapumziko haikuwekwa kwa ajili yenu.

Jua lilipoanza kushuka, yale mawe yakainuka moja moja. Majani yakajaa kangaruu. Wakitembea polepole wanachekesha: mikono chini, mkia unasukuma, ndipo miguu inafuata, yaani mkia ni mguu wa tano. Lakini mmoja akiruka, unasahau kucheka. Anakwenda kama kamba ya mpira iliyovutwa ikaachiwa, na kila akitua, kamba inajivuta tena yenyewe. Majike wanakaa na mama zao, dada zao, shangazi zao, na dume kubwa linazungukazunguka kuwanusa kama mkaguzi. Nilimwona jike mmoja ana mtoto mkubwa nje, anaingiza kichwa tu mfukoni kunyonya, na ndani ya mfuko uleule kuna mwingine mdogo ameng'ang'ania chuchu yake. Maziwa ya chuchu hii si sawa na ya ile; kila mmoja anapata ya umri wake. Na huyo mdogo alizaliwa akiwa na ukubwa wa punje ya haragwe, akapanda mwenyewe kwenye manyoya ya mama mpaka mfukoni. Mimi nimezaa wanne hospitalini na wauguzi wamenizunguka, na bado nililalamika.

Na uzio, jamani. Wageni wote wanauliza kama uzio wetu ni mrefu vya kutosha. Kangaruu mwenye akili zake haruki uzio kama anaweza kupita chini. Kule shambani nimewaona wakijipenyeza chini ya waya kama watu wanaochelewa misa. Kagueni uzio mkiwa mmepiga magoti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jioni moja kule shambani, mbwa wawili wa jirani walimfukuza jike aliyekuwa na mtoto mfukoni. Alikimbia kando ya waya, mbwa nyuma yake, na ghafla nikaona mfuko wake umelegea, mtoto akaanguka kwenye majani. Nikapiga kelele, nikataka kukimbia. Coral akanikamata mkono kwa nguvu za mtu anayebeba magunia. Yule jike aliwavuta mbwa mbali, akaingia bwawani mpaka maji yakamfika kifuani, akageuka, akawangoja. Mbwa anayemfuata kangaruu majini anaweza kushikwa kwa mikono ile na kuzamishwa. Jirani akapiga mluzi, mbwa wakaenda zao. Jike akarudi, anatoa mlio mdogo wa ulimi, tk, tk, tk, mtoto akajibu kutoka majanini, akarudi mfukoni kichwa kwanza, miguu ikabaki nje. Nikapiga makofi. Coral hakupiga.

Baadaye, siku hazikuwa nyingi, alinipeleka kando ya ule waya. Jike alikuwa amelala, miguu imekakamaa, amekufa. Hakuna jeraha, hakuna damu. Coral alinibinya paja, akaigiza mtu anayekimbia kwa hofu, kisha akafumba macho. Misuli yenyewe huharibika, sumu yake ikaingia mwilini, na mnyama aliyewashinda mbwa leo anakufa baadaye kwa ajili ya mbio zilezile. Mtoto alikuwa hai mfukoni. Tulimlea pamoja, mimi na Coral, mpaka siku yangu ya kuondoka.

Kangaruu hafukuzwi. Nilirudi na neno hilo moja, na lilikuja kuhitajika.

Hapa tulikuwa na jike aliyeitwa Mado, mpole kuliko wote, na mfukoni mwake mtoto aliyeanza kuota manyoya. Tufani ile iliyong'oa miti mingi ya msitu wa Soignes iliangusha mti mmoja juu ya uzio wetu. Tulipofika asubuhi, kundi lote lilikuwa limejibana kona ya mbali. Mado hakuwepo. Nyayo zake zilielekea msituni.

Mkaguzi wa polisi aliyetumwa alikuwa mtu mtulivu mwenye redio mbili kiunoni. Alitukusanya mimi, mkurugenzi na daktari wetu wa wanyama, Annelies. "Nyuma ya miti hii kuna barabara kuu," alisema. "Mnyama huyu akitokea mbele ya magari yanayokwenda kasi, watu watakufa. Akifika ukingoni mwa barabara, watu wangu watampiga risasi. Samahani."

Alikuwa na haki, nami nilimwambia hivyo. Lakini wakati huohuo vijana wake walikuwa wanashusha mbwa kwenye gari, na watu kadhaa wameshaingia msituni na simu zao juu.

"Mkimfukuza, mtampeleka barabarani nyinyi wenyewe," nikasema. "Na hata mkimkamata, atakufa."

Daktari Annelies akaongeza, "Furaha anasema kweli. Ugonjwa huo wa misuli naujua, na dawa yake ni kutouanzisha. Tupe mpaka giza liingie."

"Mnajua alipo?"

"Hapana," nikamjibu. "Lakini najua saa zake."

Mkaguzi akanitazama, akaenda kuwaambia vijana warudishe mbwa garini. Wale wa simu akawatoa msituni mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayefunga kanisa.

Nilichojua ni hiki. Mchana wote Mado angelala mahali penye kivuli kizito. Jike hapendi kuhama mbali na wenzake, kwa hiyo asingekwenda mbali kama hakuna anayemsukuma. Na jua likishuka angetoka kutafuta majani mahali msitu unapoishia. Kati ya msitu na bustani yetu kulikuwa na shamba dogo la farasi. Mwenye farasi akakubali kuwafungia ndani. Tukalizungushia vitambaa vya kijani pande tatu, kwa sababu kangaruu aliyeshtuka haoni waya, anaupiga na kuvunjika shingo, lakini kitambaa anakiona kama ukuta. Nikamwaga humo nyasi za zizini pamoja na toroli zima la mavi ya wenzake. Mkaguzi akauliza hiyo ya pili ni ya nini. "Ni barua kutoka nyumbani," nikamwambia.

Halafu tukakaa chini. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na hakuna shule inayofundisha. Kukaa chini kwenye majani mabichi, ubavu mmoja umeelekea msituni, bila kukohoa, bila kutazama saa, wakati redio ya mwenzako inaweza kusema muda wowote kwamba ameonekana barabarani. Nilisali, sitaficha. Niliimba pia, polepole sana, nyimbo zangu za asubuhi.

Mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa dhahabu alipotoka. Kwanza masikio, kila moja likigeuka upande wake. Akasimama. Akanusa. Akaweka mikono chini, mkia ukasukuma, hatua moja, nyingine. Akaingia shambani kwenye zile nyasi, akaanza kula.

"Furaha," Annelies akanong'ona. "Mfuko."

Nilikuwa nimeshauona. Ulining'inia umelegea, mtupu.

Tulivuta kitambaa cha upande wa nne taratibu nyuma yake. Annelies alimwacha ale kwanza, kisha akamchoma mshale mmoja wa dawa ya usingizi, na Mado akajilaza kama mtu aliyechoka kweli. Daktari akabaki naye. Mimi nikamfuata mkaguzi.

"Kuna mtoto," nikamwambia. "Amemtupa. Maana yake kuna aliyemfukuza."

Akauliza kwenye redio. Mmoja wa vijana wake alikumbuka mwanaume aliyemwondoa msituni mchana, aliyelalamika kwamba mbwa wake alikuwa amekimbiza sungura mkubwa ajabu karibu na madimbwi. Tulikwenda huko, sisi wawili. Mkaguzi akazima redio zote mbili bila kuambiwa. Nikaanza kuita kwa ulimi, kama nilivyomsikia yule jike wa shambani: tk, tk, tk. Tukasikiliza. Ndege tu. Tukasogea, nikaita tena. Baada ya muda nikasikia tk, tk nyingine pembeni yangu, nikageuka kwa furaha, kumbe ni mkaguzi. Mtu wa miaka hamsini na bastola kiunoni, midomo imekunjwa, anaita mtoto wa kangaruu. Nilimheshimu sana kuanzia hapo.

Mwanga ulipokuwa unakwisha, kichaka cha miba kilitujibu. Mlio mwembamba, kama mlango mdogo unaohitaji mafuta. Miba ilinichana mikono yote nikimtoa. Alikuwa baridi, miguu mirefu isiyo na mpango, macho makubwa. Nikamwingiza chini ya sweta, kwenye ngozi.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Mkaguzi akavua koti lake, akatufunika wote wawili, tukarudi.

Mado aliugua. Miguu yake ilikakamaa, na siku kadhaa Annelies alilala karibu naye kwenye chumba chenye giza, akimtilia dripu, bila kuniahidi chochote. Kila asubuhi nilifungua mlango ule nikiwa nimejiandaa kwa habari mbaya. Asubuhi moja nikamkuta Mado amesimama, anakula, na daktari amelala kwenye nyasi na kinywa wazi. Lakini maziwa yalikuwa yamekauka. Mtoto alibaki kwangu.

Mume wangu, Déo, alinikuta jikoni kwetu Etterbeek natundika mfuko wa kitambaa nyuma ya kiti, karibu na kipasha joto.

"Furaha, iko nini mu sac?"

"Ni mutoto."

"Mutoto ya nani?"

"Ya Mado."

Déo akafikiri. "Mado ya kwaya? Alizaa lini? Ju ya nini hawakutuambia?"

"Angalia mwenyewe."

Akachungulia. Sikio moja likatoka, refu, likamgeukia. Déo akavuta kiti kingine, akakaa. "Bon," akasema. "Anakunywa nini?"

Hapo sikilizeni, maana iko siku itawapata. Si maziwa ya ng'ombe. Yatamharisha na yanaweza kumharibu macho. Kuna unga maalumu wa maziwa kwa ajili yao. Mfuko wa ndani uwe wa pamba, ule wa nje wa sufu, na ubadilishwe kila ukichafuka. Kila baada ya kunywa, mpanguse chini kwa kitambaa chenye uvuguvugu, kama mama anavyomlamba, la sivyo hatakojoa. Usimtoe mfukoni ili umwonyeshe shangazi yako. Usipige kelele. Televisheni yetu ilizimwa, Déo akawa anasikiliza mpira kwenye simu na vidude masikioni, na timu yake ikifunga anainua mikono kimya kimya kama bubu. Alikuwa amefanya kazi ya kulisha wazee nyumbani kwao miaka mingi, na nawaambieni wazi, na chupa alikuwa hodari kuliko mimi. Yeye ndiye aliyempa jina: Riziki.

Siku moja nikitoka kwa Annelies nilishuka metro Porte de Namur, kwenye maduka ya Wakongo, kununua pondu, yale majani ya muhogo. Riziki yuko kifuani, mfuko ndani ya koti, umefungwa na kitenge. Mama muuzaji, mtu wa Lubumbashi kwa jinsi alivyosema, akaona ule mviringo.

"Maman, félicitations! Mutoto iko na mois ngapi?"

"Huit mois," nikajibu. Miezi minane, sikudanganya.

Akanitazama usoni. Akatazama mvi zangu. Akaweka pondu chini. "Maman... ni ya kwako kabisa?"

"Niko namulea tu."

"Ah, Mungu asifiwe. Nilifikiri ni mambo ya Sara na Abrahamu." Akainama kumwona. Wakati huo Riziki akaamua kujigeuza, kama wanavyofanya, na mguu mmoja ukatoka juu ya kitenge. Mnaujua mguu ule. Mrefu kama mkate wa baguette, na kucha nyeusi.

Yule mama aliutazama. Akautazama tena. "Maman," akasema polepole, "mutoto huyu atacheza mpira muzuri sana." Na hakunitoza pondu.

Tulicheka wiki nzima. Lakini kicheko kile kilikuwa na mwisho wake, na Annelies ndiye aliyeusema. Riziki alikuwa ameanza kuruka sebuleni, ananifuata mpaka chooni, Déo akiketi anaweka kichwa mapajani mwake. Annelies akaja kumpima, akaona hayo yote, akafunga mkoba wake. "Furaha, anajiona mtu."

"Najua."

"Kangaruu anayejiona mtu anakaa peke yake maisha yote. Wenzake hawamtaki, na watu hawamwezi akikua. Lazima umpoteze."

Nilijua hayo kabla yake. Coral alinionyesha shambani: watoto wake, wakishaanza kula majani, aliwafungulia geti, akaacha kuwaita. Kujua hakukunisaidia kitu. Siku ya kumrudisha, Déo alikataa kuja. Alisema ana kazi. Mtu aliyestaafu.

Tulimweka kwanza kwenye kizizi kidogo kilichopakana na kundi, wanusane kupitia waya. Mado akaja, akamnusa mwanawe kichwani, kwenye shavu, akageuka akaenda kula. Nilimkasirikia Mado kama mtu anavyomkasirikia shemeji. Riziki alisimama wayani ananitafuta mimi, si yeye. Nami nikafanya kazi ngumu kuliko zote nilizofanya bustanini: nilichukua ufagio, nikaenda upande wa bundi. Wenzangu wakawa wanampa chakula, mtu huyu leo, yule kesho, bila kumsemesha. Waliniambia tu habari. Leo amelala karibu na waya. Leo jike mmoja mdogo amelala upande wa pili, wamegusana migongo. Leo tumefungua geti la katikati. Leo ametoka, amerudi. Leo hakurudi.

Majani ya miti yalikuwa yameanguka yote ndipo nikajiruhusu kwenda. Ilikuwa saa ileile ya mwanga wa chini, kundi limetawanyika linakula. Nilimtambua mara moja kati ya wote. Nikashika geti, nikamwita kwa ulimi, tk, tk, tk. Kisha nikamwita kwa jina.

Riziki akainuka. Masikio yakanielekea, pua ikafanya kazi. Alinitazama kwa muda mrefu, na moyo wangu ukawa unasema mambo mawili kwa wakati mmoja, njoo, usije.

Halafu akainua mguu wake akaupiga chini. Pum! Kangaruu mmoja akiona hatari hupiga ardhi hivyo, na kundi lote husikia miguuni kabla ya masikioni. Vichwa vyote vikainuka, Mado akiwemo. Wakageuka, wakaenda kwa miruko mirefu mpaka ng'ambo ya zizi, na Riziki katikati yao, hakutazama nyuma.

Nikatoa simu nikampigia Déo.

"Amenikimbia," nikamwambia.

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Na ameambia benzake bote banikimbie."

Déo alipiga kelele za shangwe mpaka ikabidi niiondoe simu sikioni, nami nikabaki nimesimama pale getini nacheka na machozi usoni, wageni wakinipita wakijiuliza mama huyu amepatwa na nini.